Kikombe cha Kahawa Kwenye Barafu: Maisha ya Charles Francis Hall

Charles Francis Hall alizaliwa mwaka wa 1821 upande wa kaskazini-mashariki ya Marekani, akafa tarehe 8 Novemba 1871 kwenye pwani ya kaskazini ya Greenland, mahali ambapo jua halionekani kabisa kwa miezi kadhaa ya mwaka. Wanaomtaja leo humtaja zaidi kwa sababu ya kifo chake. Inawezekana sana kwamba alipewa sumu, na kama ni hivyo, aliyempa alikuwa mmoja wa watu wachache waliofungiwa pamoja naye katika meli iliyoshikwa na barafu. Sitaikwepa habari hiyo. Lakini mimi nilimkuta Hall kwa njia nyingine, nilipokuwa nikisoma juu ya mapokeo ya mdomo na thamani yake kama ushahidi, na nadhani kifo chake hakieleweki vizuri kwa mtu asiyejua kwanza alikuwa akitafuta nini kule kwenye baridi.

Shule alisoma kidogo tu. Alijifunza uhunzi, kisha mwaka wa 1849 akahamia mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, akafungua duka la kuchonga mihuri. Baadaye akachapisha magazeti madogo. Alikuwa na mke na watoto. Hakuwahi kuwa baharia, na Ohio iko mbali na bahari kama sisi wa Lubumbashi tulivyo mbali nayo. Hata hivyo, katika miaka ya 1850 mchonga mihuri huyu alishikwa na jambo moja ambalo halikumwachia tena: wako wapi watu wa Franklin?

Mwaka wa 1845 Sir John Franklin aliondoka Uingereza na meli mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya bahari kaskazini ya Kanada. Watu 129 walipotea pamoja naye. Mwaka wa 1854 daktari John Rae alirudi London na habari aliyopewa na Wainuit, wenyeji wa nchi ile: wazungu wale walikufa kwa njaa, na wa mwisho wao walikula nyama ya wenzao. Waingereza walikasirika. Charles Dickens, mwandishi mkubwa wa siku zile, aliandika kwamba neno la watu kama wale haliwezi kuaminiwa. Habari za Rae zilikuwa za kweli, na mifupa iliyochunguzwa katika karne ya ishirini ilionyesha alama za visu. Lakini ilichukua zaidi ya miaka mia moja kwa jambo hilo kukubaliwa.

Hall alifikiri kinyume cha Dickens. Kama Wainuit wanaishi pale, alijiambia, basi huenda wazungu kadhaa bado wako hai kati yao, na anayetaka kujua lazima akawaulize Wainuit wenyewe, kwa lugha yao, ndani ya nyumba zao. Leo mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza angesema hivyo. Mwaka wa 1860 yalikuwa mawazo ya mtu aliyehesabiwa kuwa na kichaa kidogo. Hall aliacha biashara na jamaa yake, akapata msaada wa tajiri mmoja wa New York, Henry Grinnell, akapanda meli ya wavua nyangumi iliyoitwa George Henry. Nahodha wake alikuwa Sidney Budington. Jina hilo tutalikuta tena.

Dhoruba iliivunja mashua ambayo Hall alitaka kuitumia kuendelea na safari, hivyo hakuweza kufika nchi ya Franklin. Alibaki miaka miwili karibu na Kisiwa cha Baffin. Huko akakutana na mke na mume ambao bila wao hakuna kitu ambacho angefanya maishani: Tookoolito na Ebierbing. Miaka michache kabla yake walikuwa wamepelekwa Uingereza, wakafika mpaka mbele ya Malkia Victoria. Tookoolito alisema Kiingereza vizuri. Hall alijifunza maneno mengi ya Kiinuktituti na kuyaandika kwa tahajia yake ya ajabu, lakini kila alipohitaji kuelewa jambo lenye uzito, alimtegemea yeye. Katika vitabu vingi mama huyu anatajwa kama msaidizi. Sisi tunaofanya kazi ya kukusanya masimulizi vijijini tunajua mkalimani ni nani: nusu ya kitabu ni yake.

Na kitabu kilipatikana. Wazee walimwambia Hall kwamba zamani sana wazungu walifika kwa meli, mwanzo chache, kisha zaidi, kisha nyingi sana. Kwamba wazungu watano waliachwa nyuma, wakajenga mashua, wakajaribu kuondoka nayo wakashindwa na baridi. Walimwonyesha kisiwa kidogo ambacho jina lake, Kodlunarn, lina maana ya kisiwa cha wazungu. Hall akakuta pale mashimo marefu yaliyochimbwa, makaa ya mawe, vipande vya matofali na chuma. Mwanzo alidhani wanasema juu ya Franklin. Polepole akafahamu kwamba wanasema juu ya Martin Frobisher, Mwingereza aliyefika pale mara tatu, mwaka wa 1576, wa 1577 na wa 1578, akitafuta dhahabu ambayo haikuwa dhahabu. Safari ya kwanza ilipoteza watu watano. Huko Uingereza kwenyewe hakuna aliyekumbuka tena mahali penyewe. Wainuit, bila maandishi hata mstari mmoja, walikuwa wamelihifadhi jambo hilo kwa karibu miaka 300.

Jan Vansina, aliyefanya kazi yake kati ya Wakuba wa Kasai, alitoa kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo mwaka wa 1961, na tangu hapo tunafundishwa jinsi ya kupima masimulizi kama ushahidi. Miaka mia moja kabla yake, mhunzi wa zamani asiye na diploma alipima masimulizi kwa kuyalinganisha na udongo na matofali, na yakasimama. Ninashangaa kwamba halisemwi zaidi madarasani.

Nisimpambe, lakini. Aliporudi Marekani mwaka wa 1862 pamoja na Tookoolito, Ebierbing na mtoto wao mchanga, Hall alihitaji fedha, akawapeleka kuonyeshwa mbele ya watu waliolipa kiingilio, hata katika nyumba ya maonyesho ya Barnum huko New York. Mwanzoni mwa 1863 mtoto akafa. Mama yake aliugua sana kwa huzuni. Katika safari ya pili, iliyodumu toka 1864 mpaka 1869, walipoteza mtoto mwingine. Baadaye walimlea msichana aliyeitwa Panik.

Safari hiyo ya pili ina doa lingine ambalo msomaji asilisahau atakapofika kwenye kifo cha Hall. Mwaka wa 1868, mahali paitwapo Repulse Bay, Hall aligombana na baharia mmoja aliyemwajiri, Patrick Coleman. Hall alidai watu wake walikuwa wakimwasi. Alimpiga Coleman risasi, na Coleman akateseka siku nyingi kabla ya kufa. Nchi ile haikuwa na askari wala hakimu, na Hall hakushtakiwa kamwe. Kwa hiyo mtu ambaye baadaye aliwatuhumu wengine kwamba wanamuua, yeye mwenyewe alikuwa ameua mahali ambapo sheria haikufika.

Mwaka wa 1869 alifika mwishoni kwenye King William Island, alikotaka kufika miaka yote hiyo. Alikaa siku chache tu. Alipata mifupa na masimulizi, hakupata mzungu aliye hai. Wenyeji wakamweleza kwamba jamaa kadhaa waliwakuta watu wa Franklin wakitembea kwa njaa, wakawapa nyama ya sili kidogo, kisha asubuhi wakaondoka kimya. Hall akawakasirikia sana. Hapa ndipo ninapoona kwamba miaka yote aliyokula na kulala nao haikumfundisha hesabu rahisi: jamaa chache zenye watoto haziwezi kulisha kundi la wanaume wenye njaa katika nchi ambayo sili mmoja huviziwa siku nzima. Walioondoka waliokoa watoto wao.

Baada ya hapo aliachana na Franklin, akataka Ncha ya Kaskazini. Bunge la Marekani lilimpa dola 50,000, Rais Grant alimuunga mkono, na meli ndogo ya jeshi la maji ikatengenezwa upya na kupewa jina Polaris. Iliondoka mwisho wa mwezi wa sita, 1871. Tazama sasa ni nani walikuwa ndani. Budington ndiye aliyeongoza meli, baharia mzoefu aliyependa pombe na asiyependa kwenda mbali kaskazini. George Tyson, naye nahodha wa wavua nyangumi, alipewa cheo kisichoeleweka. Kazi za sayansi, pamoja na udaktari wa meli, zilikuwa mikononi mwa Emil Bessels, Mjerumani kutoka Heidelberg, mwenye elimu ya juu na umri wa kama miaka 24, yaani umri wangu. Mchunguzi wa hali ya hewa, Frederick Meyer, alikuwa Mjerumani pia, na mabaharia wengi vilevile. Ebierbing, Tookoolito na Panik walikuwamo. Huko Greenland aliongezeka mwindaji Hans Hendrik na mke wake na watoto wao.

Basi katika meli moja palikuwa na Kiingereza, Kijerumani, Kiinuktituti na Kigreenland, na kila lugha ilikuwa na meza yake. Ugomvi ulianza kabla ya kufika kwenye barafu. Hall alimtaka Meyer amwandikie kumbukumbu zake; Meyer akakataa. Bessels hakukubali kuamriwa katika mambo ya sayansi na mtu aliyemwona kuwa hana elimu. Wajerumani wakatishia kushuka wote, na afisa wa jeshi la maji aliyekuwa na meli ya chakula huko Greenland alilazimika kuja kuwakemea. Hall akanyamaza, akaendelea.

Polaris ilipita digrii 82 za kaskazini, mbali kuliko meli yoyote iliyotangulia, kisha barafu ikairudisha. Mwezi wa tisa walijificha katika ghuba ambayo Hall aliiita Thank God Harbor. Walijenga kibanda cha mbao ufukweni, ambamo Bessels na Meyer walipima baridi, upepo na nguvu ya sumaku ya dunia. Hiki ndicho kilikuwa kituo chao cha utafiti. Mtu aliyelalamika juu ya baridi ya Julai hapa Katanga ajaribu kukifikiria: bahari imeganda, jua limeaga mpaka mwaka ujao, hakuna posta, hakuna mtu wa kumkimbilia.

Tarehe 10 Oktoba Hall alitoka na sleji za mbwa kupeleleza njia, pamoja na Ebierbing, Hans na afisa mmoja wa meli. Alirudi tarehe 24, mwenye afya na furaha. Aliomba kahawa, akapewa kikombe kimoja. Baada ya muda mfupi akaanza kutapika. Usiku huo hali ikawa mbaya, upande mmoja wa mwili ukapooza, na siku zilizofuata akawa anaweweseka. Tookoolito alieleza baadaye mbele ya wachunguzi kwamba Hall alimwambia kahawa ile ilikuwa na utamu uliozidi. Aseniki nyeupe, wanaoijua husema, ina utamu kidogo. Tookoolito hakuwa na sababu ya kulijua hilo.

Bessels alimtibu, pamoja na kumchoma sindano za dawa aliyosema ni kwinini. Hall akaanza kuwatuhumu watu, kwanza Bessels, kwamba wanamwekea sumu. Kwa siku kadhaa alimkatalia daktari asimguse. Alikula tu chakula alichohakikisha ni salama, na Tookoolito ndiye aliyemwangalia. Katika siku hizo alipata nafuu, akainuka, akajaribu hata kushughulikia maandishi yake. Kasisi wa meli, kwa nia njema naamini, alimbembeleza amruhusu daktari arudi. Daktari akarudi tarehe 4 Novemba. Kwa ushahidi uliotolewa baadaye, siku moja katika homa yake Hall alimwuliza Budington neno la mauaji linaandikwaje kwa Kiingereza, akajaribu mwenyewe kulitamka herufi kwa herufi. Sijui kama kuna kitu nilichosoma mwaka huu kilichonikaa kichwani kama hicho. Usiku wa tarehe 8 akafa. Siku mbili baadaye, kwa tarehe ambayo vitabu vingi vinaitoa, Stanley alimpata Livingstone huko Ujiji. Mmarekani aliyekwenda kumtafuta Mwingereza mwingine aliyepotea hakurudi na ushindi kama huo.

Ardhi ilikuwa ngumu kama chuma. Walichimba kaburi fupi sana, wakamzika mchana kwa mwanga wa taa. Baharia mmoja alishuhudia kwamba Bessels alikiita kifo hicho jambo bora lililoweza kuipata safari hiyo.

Yaliyofuata ni hadithi nyingine, nami nitaipita mbio. Tarehe 15 Oktoba 1872, katika dhoruba, watu 19 walijikuta juu ya bapa la barafu huku meli ikitoweka gizani. Kati yao walikuwa Tyson, Meyer, Tookoolito, Ebierbing, Panik, na jamaa ya Hans pamoja na mtoto aliyezaliwa miezi miwili kabla. Waliteremka na barafu hiyo kwa zaidi ya miezi sita, kiasi cha kilomita 2,900, mpaka meli moja ilipowaokota karibu na Labrador tarehe 30 Aprili 1873. Hakufa hata mmoja, kwa sababu Ebierbing na Hans waliendelea kuwinda sili. Budington, Bessels na wengine waliobaki melini waliokolewa miezi michache baadaye.

Serikali ilifanya uchunguzi. Mashahidi walipingana. Karatasi nyingi za Hall za safari hiyo hazikuonekana tena. Waganga wakuu wa jeshi la nchi kavu na wa jeshi la maji, ambao hawakuuona mwili, waliamua kwamba alikufa kwa kiharusi, kama Bessels alivyosema. Waziri aliyehusika hakutamani kashfa, na Ujerumani mpya ya Bismarck haikuwa nchi ya kugombana nayo juu ya daktari mmoja. Hii ya mwisho ni dhana yangu.

Mwaka wa 1968 profesa mmoja wa fasihi, Chauncey Loomis wa chuo cha Dartmouth, alikuwa akiandika maisha ya Hall. Aliruka na ndege ndogo mpaka Thank God Harbor pamoja na daktari wa maiti, wakafungua kaburi. Baridi ilikuwa imemhifadhi Hall kwa miaka 97, akiwa amefunikwa na bendera ya nchi yake. Walichukua nywele na kipande cha ukucha, vikapelekwa maabara Toronto. Ukucha hukua polepole toka kwenye nyama kwenda nje, hivyo unaweza kuusoma kama daftari: ncha ni ya miezi iliyopita, shina ni siku za karibuni. Aseniki ilikuwa nyingi zaidi sana kwenye shina. Katika majuma mawili ya mwisho ya maisha yake, Hall alikuwa amemeza aseniki kwa wingi.

Je, kesi imekwisha? Hapana. Udongo wa pale nao una aseniki, ingawa hauelezi vizuri kwa nini sehemu moja ya ukucha ina nyingi kuliko nyingine. Sisi wa Katanga tunajua udongo unavyoweza kuingiza madini ndani ya vitu, kwa hiyo pingamizi hilo silichezei. Tena siku zile aseniki ilikuwa dawa, iliyopatikana katika sanduku lolote la dawa, na Hall aliyewaogopa wote huenda alijitibu mwenyewe. Loomis mwenyewe hakumhukumu mtu. Alimtazama Bessels kuliko wengine, kwa kuwa alikuwa na dawa, elimu na nafasi, lakini hakuona sababu ya kutosha. Miaka mingi baadaye zilipatikana barua zinazoonyesha kwamba Bessels na Hall wote wawili walimpenda, au walimtaka urafiki, mchonga sanamu kijana Vinnie Ream, yule aliyetengeneza sanamu ya Lincoln katika jengo la Bunge la Marekani. Kwa wengine hiyo ndiyo sababu iliyokosekana. Kwangu mimi inatosha kufungua faili, haitoshi kufunga mtu.

Kinachonisumbua zaidi ni mpangilio wa siku. Mgonjwa anamkataa daktari, anapata nafuu. Daktari anarudi, mgonjwa anakufa. Mpangilio huo haukutoka maabara. Ulikuwa ndani ya ushahidi wa 1873, na sehemu yake ilitoka kinywani mwa mama Mwinuit aliyekaa kando ya kitanda. Wakubwa wale waliusikia, wakauandika, wakaupita.

Mwaka wa 2014 meli Erebus ilipatikana chini ya bahari kusini ya King William Island, katika eneo ambalo Wainuit walimweleza Hall kwamba meli moja ilizama. Terror ilipatikana mwaka wa 2016, kwa kufuata neno la mwindaji Mwinuit. Bessels alirudi Ujerumani, akafa Stuttgart mwaka wa 1888. Tookoolito aliishi na mume wake karibu na Groton, Connecticut. Panik alifariki mwaka wa 1875, na mama yake akamfuata tarehe 31 Desemba 1876. Ebierbing alirudi kaskazini miaka miwili baadaye na msafara mwingine uliotafuta watu wa Franklin, na msafara ulipokwisha yeye alibaki huko.